Mdogo Wangu, Usiyasome Majibu ya Ini Peke Yako

Vuta kigoda ukae, maana leo nina maneno na wewe.

Tangu nigusie habari za ini hapa kwenye kona yetu, simu yangu imejaa picha za karatasi za maabara. Zinatoka Soweto, Mwanjelwa na Uyole za Mbeya, nyingine Kihesa na Ipogolo za Iringa. Nyingi zimepigwa usiku wa manane, nyingine karatasi imekunjwa mara nne hadi namba hazisomeki, na chini yake swali ni lilelile: dada, ndiyo nakufa? Mmoja ameona B18.1 kwenye fomu yake ya bima akaacha hata kufungua meza yake ya mitumba sokoni. Anataka nimwambie amebakiza miaka mingapi.

Pole, mdogo wangu. Pole kweli, wala sikucheki. Mtu ukikuta neno "Positive" mbele ya jina lako, moyo unaruka kabla akili haijafika. Wakubwa zako pia huruka. Ila nitakugombeza kidogo kwa jambo moja: kwa nini unakaa na karatasi hiyo peke yako, unamuuliza kila mtu mtandaoni, na daktari aliyekuandikia kipimo hukumrudia? Wengine mmechukua majibu dirishani mkaenda moja kwa moja stendi. Kuuliza si ujinga, na kwenye mambo ya ini asiyeuliza ndiye anayeumia.

Wengi wenu hamkuwa mnatafuta ugonjwa wowote. Mlienda kuchangia damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo chake cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo Mbeya, na kila chupa ya damu hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C kabla mgonjwa hajawekewa. Kijana anatoka chuoni na wenzake, anachangia kwa moyo mweupe, siku chache baadaye anapigiwa simu aende kituoni. Wengine mmekutwa nayo kliniki ya wajawazito. Wengine ni ninyi mnaotafuta kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako kipimo cha homa ya ini B ni sharti, na ukikutwa nayo unarudishwa. Huyo wa Ghuba huwa analia mara mbili, kwa ugonjwa na kwa mkataba uliopotea. Namwambia hivi: nchi ile imekataa kukupa viza. Haijasema huna maisha.

Sasa ifungue karatasi yako, tuitazame pamoja. Kabla ya namba yoyote, angalia jina, umri na tarehe. Ndiyo, jina. Tuna majina yanayofanana mno huku kwetu, na karatasi hubadilishana mikono. Ukiridhika kuwa ni yako, tafuta mstari ulioandikwa HBsAg. Hicho ni kipande cha ganda la kirusi cha homa ya ini B. Kikionekana kwenye damu, maana yake kirusi kimo mwilini leo. Aliyekigundua ni Mmarekani Baruch Blumberg, miaka ya 1960, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na Siku ya Homa ya Ini Duniani, tarehe 28 Julai, imewekwa siku yake ya kuzaliwa. Kipimo hicho kinasema kirusi kimo, basi. Hakisemi kimekuja lini, wala ini lako limeumia kiasi gani, wala kama unahitaji dawa. Sasa wewe umeyatoa wapi hayo mengine unayolia nayo?

Halafu kuna ndugu yake anayewachanganya sana, anti-HBs. Herufi zinafanana, maana ni kinyume. Huyo ni askari wa mwili wako. Dada mmoja wa Iringa amenitumia karatasi yenye HBsAg Negative na anti-HBs Positive, naye amekonda kwa mawazo. Mdogo wangu, hiyo Positive yako ni ya kumshukuru Mungu! Umeshachanjwa, au mwili uliwahi kupambana ukashinda. Kinachotofautisha ni kipimo cha tatu, anti-HBc: kikiwa nacho chanya, uliwahi kuambukizwa ukapona, kikiwa hasi, kinga yako ni ya chanjo. Usisome neno Positive bila kusoma lililoandikwa kushoto kwake.

Na wewe ambaye HBsAg ni chanya kweli, kuna swali la muda. Mtu mzima anayeambukizwa ukubwani, mara nyingi mwili hukifukuza kirusi wenyewe. Wanaobaki nacho hawafiki watano katika mia. Mtoto mchanga ndiye mwenye bahati mbaya, kwa sababu karibu wote wanaoambukizwa uchangani hubaki nacho ukubwani. Ndiyo maana kipimo hurudiwa. Kikionekana tena baada ya miezi sita, ndipo ugonjwa unaitwa sugu. Na ndiyo maana wengi wenu mnaojitesa kuuliza nani amewaambukiza, mkaanza kumwangalia mume kwa jicho baya, huenda mlizaliwa nacho au mlikipata utotoni kabla hamjajua kuongea. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za kawaida za watoto Tanzania mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo hukuikuta kliniki. Usivunje ndoa kwa kesi isiyo na shahidi.

Haya, tuje kwenye hizo namba za fomu ya bima zinazowatoa usingizi. Misimbo hiyo imetoka kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, na mzizi wake ni orodha ya sababu za vifo aliyoitunga Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Imewekwa ili ugonjwa mmoja uhesabiwe kwa jina moja kila mahali, na ili bima ijue inalipia nini. Karani wa bima ndiye anayeihitaji kuliko wewe. Herufi ya mwanzo inakuonyesha ukoo: B ni maambukizi, C ni saratani, K ni mambo ya tumbo na ini, R ni dalili au vipimo ambavyo havijapata jina la ugonjwa, Z ni hali inayokufikisha hospitali bila kuwa ugonjwa wenyewe. B18.1 ni homa ya ini B iliyo sugu, isiyo na kirusi cha D. B18.2 ni ya C. B16 ni homa ya ini B ya ghafla. K76.0 ni mafuta kwenye ini, K70 ni ini lililoumizwa na pombe, K74.6 ni ini lenye makovu yaliyokomaa, na C22.0 ndiyo saratani yenyewe ya seli za ini. R94.5 inasema tu kwamba vipimo vya ini havijakaa sawa, sababu bado inatafutwa.

Shika hili, nalisema taratibu: B18.1 ya kijana mwenye ini zima inaandikwa sawasawa na B18.1 ya mzee ambaye ini lake limeanza makovu. Namba haina hatua ndani yake. Kwa hiyo wewe uliyekaa chini ya mti unahesabu miaka kutokana na B18.1, unasoma kitu ambacho hakijaandikwa. Na kama umepimwa mara moja tu tena kwa kipimo cha haraka, ukakuta imeandikwa sugu, una haki ya kumuuliza daktari kwa adabu: tumejuaje kuwa ni sugu? Daktari mzuri hachukii swali hilo. Huenda ana sababu, au atakwambia mrudie kipimo.

Kinachoeleza hali ya ini ni ile karatasi nyingine, yenye safu za namba na herufi H au L pembeni. H ni juu ya kiwango, L ni chini. Hapo kuna ALT na AST. Hivi ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli ya ini ikiumia vinamwagika kwenye damu, na maabara inavihesabu. Ni kama moshi unaotoka jikoni: unakwambia kuna kinachoungua, haukwambii nyumba imebakiza vyumba vingapi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ALT ya juu sana leo akapona kabisa, na mwingine ALT yake imetulia kumbe makovu yamejaa. Ukitaka kujua kama ini bado linafanya kazi yake, angalia albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini. Angalia kipimo cha kuganda kwa damu kinachoandikwa INR. Na angalia bilirubini, ile rangi inayofanya macho yawe ya manjano. Albumini ikishuka na INR ikapanda, hapo ndipo daktari anakaza uso.

Nina ugomvi na herufi H, nao nitausema. Karatasi nyingi huandika kuwa ALT ya kawaida ni mpaka 40 hivi. Mwanamke wa Soweto anapata 36, hakuna H pembeni, anafurahi, anatupa karatasi kwenye mkoba na kliniki harudi. Lakini kwa mtu mwenye homa ya ini B, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unahesabu kawaida kuwa 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Hiyo 36 yake si ya kutupa mkobani. Wala simtishi, namwambia tu arudi na karatasi yake.

Chukua simu yako, fungua kikokotoo, nikuonyeshe hesabu ambayo daktari anaifanya na huenda hukuwahi kuambiwa. Inaitwa APRI. Inataka namba mbili tu: AST, na chembe sahani za damu ambazo utazikuta kwenye ile picha kamili ya damu. Tuseme AST yako ni 48 na maabara imeandika mwisho wa kawaida ni 40. Gawanya 48 kwa 40, unapata 1.2. Chembe sahani zako ni 200. Gawanya 1.2 kwa 200, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni 0.6. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2024 unasema mtu mzima mwenye homa ya ini B sugu akizidi 0.5, kuna dalili kwamba makovu yameanza na anastahili kufikiriwa dawa. Akizidi 1, makovu huenda ni makubwa. Umeona? AST ya 48 kwa macho ni kitu kidogo, na chembe sahani 200 ziko ndani ya kawaida kabisa. Ukizikutanisha ndipo zinasema. Hesabu hii haikufanyi daktari, na malaria au ugonjwa mwingine unaweza kuivuruga. Ila unaweza kuingia chumbani ukauliza, APRI yangu ni ngapi, badala ya kukaa kimya unatazama viatu vyako.

Ipo na njia nyingine ya kufika kwenye dawa: wingi wa virusi kwenye damu ukizidi 2,000 na ALT ikiwa juu, au ukiwa na virusi vya UKIMWI pamoja, au nyumbani kwenu kuna aliyefariki kwa saratani ya ini. Hilo la mwisho liseme hata kama hujaulizwa. Watu wanaficha eti babu alirogwa tumbo likavimba. Mwambie daktari tumbo lilivimba. Habari za kurogwa mziongee nyumbani.

Dawa ipo. Wanaokwambia haina dawa wanachanganya mambo mawili. Ya kukiondoa kirusi kabisa ni kweli bado haijapatikana kwa wengi, lakini tenofovir hukilaza kirusi, ini likapumua, na hatari ya saratani ikapungua. Ni kidonge kimoja kwa siku. Si kila mwenye B18.1 anakihitaji leo; wengine wanafuatiliwa tu kwa vipimo. Ila ukishaanza, usikiache mwenyewe kwa sababu umejisikia vizuri. Kirusi kinaamka kwa hasira na ini linaweza kufeli. Nakuomba, narudia, usikiache.

Kwa watu wote duniani, mwaka 2022, walikadiriwa milioni 254 wenye homa ya ini B sugu, na waliokuwa wakijua wanayo ni kama 13 katika kila mia. Wewe unayelia na karatasi yako ni miongoni mwa wachache waliopata nafasi ya kuwahi. Sikwambii ufurahi. Nakwambia uitumie.

Sasa nisikilizeni na ninyi ambao HBsAg ni hasi lakini ALT na AST ziko juu, maana nanyi mmeniandikia. AST ikizidi ALT mara mbili au zaidi, daktari atauliza habari za pombe. Mjibu ukweli. Usiseme unaonja tu, wakati msimu wa ulanzi hukosekani kilabuni na ukiisha unahamia komoni, au Mungu apishe mbali, gongo. Ulanzi nao ni pombe, ini halijali kama imetoka kwenye mwanzi au kiwandani. Wapo wanaoogopa kuandikiwa K70 kwa sababu ya aibu kazini. Lakini ukidanganya, utatafutiwa ugonjwa mwingine, utachomwa sindano za bure, na ini linaendelea kuungua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe uliyeandikiwa K76.0, hiyo hairuhusu utani: chipsi kila jioni, soda mbili, kutwa umekaa, na sukari imeanza kupanda. Ini la mafuta linaweza kurudi vizuri uzito ukipungua. Anza na soda.

Halafu dawa za kusafisha ini. Jamani. Kila soko lina mtu mwenye chupa ya maji ya kahawia anayesafisha ini, figo na nyota ya mtu. Sidharau mizizi ya bibi zetu, nimekua nayo. Lakini ini ndilo linalochuja kila unachokunywa, na kuna mizizi inayoliua. Namba yake kwenye ile orodha ni K71, ini lililoumizwa na dawa au sumu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya kienyeji, na wako walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Tulizika. Panadoli nayo, kidonge kizuri, ukizidisha gramu 4 kwa siku unalipiga ini, na mnywaji wa pombe anaumia hata kabla ya hapo. Mwambie daktari kila unachokunywa, hata kile ulichopewa na shangazi kwenye chupa ya konyagi.

Ukiona tumbo linajaa maji, unatapika damu, choo cheusi kama lami, macho ya manjano, au mgonjwa wako anaanza kuongea asichokijua na kusinzia mchana, usinitumie picha. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya, au ya mkoa Iringa, au popote palipo karibu, siku hiyohiyo. Ikibidi mkodi gari.

Karatasi zako zote ziweke kwenye bahasha moja, kwa tarehe. ALT moja haielezi kitu; ALT za miaka mitatu zikipangwa, daktari hata aliye mgeni anaona unapanda au unashuka. Nyumbani usitenge sahani yako wala usikatae kumbeba mtoto wa dada yako. Kirusi hiki hakipiti kwenye ugali mliokula pamoja, wala kwenye kukumbatiana. Kinapita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo wembe wako uwe wako, mswaki wako uwe wako, na saluni kamwambie kinyozi asafishe mashine kwa dawa kabla haijagusa kichwa chako. Mama mjamzito, sema kliniki mapema ili wapime wingi wa virusi na wapange dawa na chanjo ya mtoto. Kunyonyesha unaruhusiwa.

Nimebakiza mmoja, yule wa Soweto aliyeandika kwa siri. Umekutwa na homa ya ini B ulipochangia damu, mahari imeshapokelewa, na unataka kujua kama umfiche mchumba mpaka harusi ipite. Hapana, mdogo wangu. Ukimficha, siku akikuta hiyo bahasha ataona uongo kabla hajaona ugonjwa. Mwite mahali palipotulia, mkiwa wawili, usimwambie kwa meseji. Mwambie ulivyogundua, mwambie ina chanjo, na kwamba mtu mzima aliyechanjwa akapata kinga anaweza kuishi na wewe, kuzaa na wewe, bila kuambukizwa. Kisha mwende pamoja apimwe HBsAg, anti-HBs na anti-HBc. Akikutwa tayari ana kinga, mmemaliza. Akikutwa hana kinga wala kirusi, achomwe chanjo ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita, na mwezi mmoja au miwili baadaye apime anti-HBs. Ikifika 10 na kuendelea, amekingika. Mpaka hapo mtumie kondomu. Harusi haina sababu ya kuahirishwa kwa hili. Ukishamwambia, niandikie amekujibu nini.